John Strachey: Waziri aliyetaka vifaru vya vita vilime karanga Tanganyika

KWA mkulima wa Basotu au Katesh wilayani Hanang, kukodi trekta ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kwanza huulizia bei ya ekari moja, kisha bei ya dizeli, halafu huangalia kama trekta lenyewe litamaliza msimu bila kulala shambani likisubiri kipuri. Mwenzake wa Mbulu mwenye shamba la mteremkoni huenda asilikodi kabisa, kwa kuwa ng'ombe wawili na plau humtosha.

Mwaka 1946 alikuwepo kiongozi mmoja mjini London ambaye alikuwa na hazina ya serikali nyuma yake, lakini maswali hayo ya mkulima wa kawaida hayakupata majibu ya kutosha kabla ya kazi kuanza. Kiongozi huyo ni John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza. Chini ya wizara yake, vifaru vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia viligeuzwa matrekta na kuletwa Tanganyika kufyeka pori ili zilimwe karanga.

Mtoto wa mwenye gazeti

Strachey alizaliwa Oktoba 21, 1901, karibu na mji wa Guildford, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mmiliki na mhariri wa gazeti la The Spectator, hivyo kijana huyo alikulia katika nyumba ya watu wenye uwezo. Alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kisha Chuo Kikuu cha Oxford.

Pamoja na malezi hayo, mwaka 1923 alijiunga na Chama cha Labour, chama cha wafanyakazi. Mwaka 1929 alichaguliwa kuwa mbunge wa Aston, mjini Birmingham. Miaka miwili baadaye alimfuata Oswald Mosley katika chama kipya, lakini alipoona mwenzake anaelekea kwenye siasa za kifashisti aliachana naye mapema.

Katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa waandishi mashuhuri wa nadharia za kijamaa nchini mwake. Kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu mapambano ya kugombea madaraka kilisomwa sana, na mwaka 1936 alishirikiana na Victor Gollancz na Harold Laski kuanzisha klabu ya vitabu iliyopata maelfu ya wanachama. Aliamini kwamba serikali ikipanga uchumi kwa akili, inaweza kuondoa njaa na umaskini. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kupimwa katika ardhi ya Kongwa.

Wakati wa vita alitumikia jeshi la anga. Uchaguzi wa mwaka 1945 ulipoipa Labour ushindi mkubwa, Strachey alirudi bungeni akiwakilisha Dundee, na Mei 1946 Waziri Mkuu Clement Attlee akampa Wizara ya Chakula.

Nchi bila mafuta ya kupikia

Uwaziri huo haukuwa wa raha. Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini ghala zake zilikuwa tupu. Julai 1946, Strachey alilazimika kuweka mgawo wa mkate, jambo ambalo halikuwahi kufanyika hata wakati wa vita. Mafuta ya kupikia na siagi ya mimea vilikuwa adimu zaidi.

Miezi michache kabla hajaingia ofisini, Frank Samuel wa Kampuni ya United Africa alikuwa amependekeza kwa serikali kwamba Afrika Mashariki inaweza kulima karanga kwa mashine na kumaliza upungufu huo. Timu ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ilitumwa kuchunguza. Ilizunguka kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi ikitazamwa kutoka angani kwa ndege.

Taarifa yao ilipendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni 3.2 kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Maeneo yaliyochaguliwa nchini yalikuwa Kongwa mkoani Dodoma, Urambo katika Tabora na Nachingwea upande wa kusini. Strachey aliupokea mpango huo kwa moyo wote. Kwake ulikuwa na faida pande mbili: Mwingereza angepata mafuta, na Mwafrika angepata kilimo cha kisasa.

Kifaru chavuliwa chuma

Tatizo la kwanza lilikuwa matrekta. Dunia nzima ilikuwa inajijenga upya baada ya vita, na viwanda havikuweza kutosheleza wanunuzi. Ikabidi yatafutwe mabaki ya jeshi. Matingatinga yaliyotumiwa na Wamarekani yalinunuliwa hadi Ufilipino, mengi yakiwa yamechoka na kuanza kushika kutu.

Hapo ndipo kifaru aina ya Sherman kilipoingia. Sherman kilitengenezwa Marekani na kilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, kikibeba askari watano. Karibu 50,000 vilitengenezwa wakati wa vita, na amani ilipokuja vingi vilibaki bila kazi. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilichukua baadhi, ikaondoa deraya na kichwa chenye mzinga, ikabakiza mitambo na minyororo ya chini, na kupata trekta lililoitwa Shervick, yaani Sherman na Vickers kwa pamoja.

Kwa wanaofuatilia historia ya vifaru, jambo hilo lilikuwa kama mtoto kurudi kwa mzazi. Kifaru chenyewe kilitokana na trekta. Mwanzoni mwa karne ya 20, Benjamin Holt wa California alitengeneza trekta la minyororo kwa ajili ya mashamba yenye udongo laini. Matrekta yake yalipotumika kukokota mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wa Uingereza walipata wazo la kutengeneza gari la chuma la kuvuka mahandaki. Vifaru vya kwanza viliingia vitani Septemba 15, 1916, huko Somme nchini Ufaransa.

Hata hivyo, kazi za mashine hizi mbili zinatofautiana. Kifaru kimeundwa kubeba uzito wake chenyewe na kukimbia uwanjani. Trekta huvuta mzigo mzito polepole, siku nzima, katika joto na vumbi. Shervick hazikutimiza yaliyotarajiwa.

Kongwa yakataa

Kongwa ilikuwa na mambo ambayo wenyeji Wagogo waliyajua tangu zamani. Mvua ni chache na hazitabiriki. Mibuyu ni mikubwa na mingine ina mizinga ya nyuki wakali. Mizizi ya vichaka imesukana chini ya ardhi, na tingatinga likipita juu huvunja matawi huku mizizi ikibaki. Mafundi walifikia hatua ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mashine mbili ili kuangusha miti.

Udongo nao ulikuwa mfinyanzi wenye mchanga mkali. Kiangazi uligeuka mgumu kama saruji, na ulikula meno ya plau na haro kwa kasi. Karanga zilizoota zilikuwa ngumu kung'oa kwa sababu ardhi ilikuwa imezishika.

Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoingizwa yalikuwa mabovu. Karakana ilikuwa haijakamilika, vipuri vilikuwa bandarini Dar es Salaam au njiani, na reli ilikuwa moja. Lengo la mwaka huo lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizofyekwa zilikuwa kama 7,500. Wafanyakazi Waafrika nao waligoma mwaka huohuo wakidai mishahara inayolingana na gharama za maisha.

Mwaka 1948, shirika la serikali liitwalo Overseas Food Corporation lilichukua mradi kutoka kwa Kampuni ya United Africa, na usimamizi wa kazi nchini ukakabidhiwa kwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi. Nidhamu ya kijeshi haikuleta mvua. Ukame ulipiga, na hadi mwisho mradi ulikuwa umetumia karanga nyingi zaidi kwa mbegu kuliko ulizovuna.

Strachey aliendelea kuutetea bungeni hata takwimu zilipomkataa. Mwaka 1949 wapinzani walimtaka ajiuzulu. Hakujiuzulu, lakini Wakefield, aliyeongoza uchunguzi wa mwanzo, aliondolewa kwenye bodi ya shirika.

Kutoka karanga hadi jeshi

Baada ya uchaguzi wa Februari 1950, Strachey alihamishwa. Safari hii alipewa Wizara ya Vita, iliyosimamia jeshi la nchi kavu. Mtu ambaye wizara yake ilikuwa imevua vifaru mizinga ili vilime, sasa alikuwa waziri wa vifaru vyenye mizinga. Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza ilipeleka Korea vifaru vipya aina ya Centurion, ambavyo hadi leo wapenzi wa zana hizo huviweka miongoni mwa vifaru bora vya kizazi chake.

Akiwa katika wizara hiyo ndipo mradi wake wa zamani ulipozikwa. Januari 1951, serikali ilitangaza kuuacha na kufuta deni la zaidi ya pauni milioni 36, fedha za mlipa kodi wa Uingereza. Oktoba mwaka huohuo Labour ilishindwa uchaguzi, na Strachey hakuwahi kuwa waziri tena.

Alibaki mbunge wa Dundee, akaandika vitabu kuhusu uchumi, mwisho wa himaya na namna ya kuzuia vita. Aliishi kuiona Tanganyika ikipata uhuru Desemba 9, 1961. Alifariki dunia London Julai 15, 1963, akiwa na miaka 61, baada ya upasuaji wa uti wa mgongo.

Sherman zilizobaki leo zinatunzwa katika makumbusho na mikononi mwa watu wanaozipenda. Moja iliyoko Bovington, Uingereza, ilitumika katika filamu ya Fury ya mwaka 2014. Nchini, kilichobaki ni ranchi ya ng'ombe Kongwa, bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya mradi, na msemo wa wazee kuhusu Wazungu wa karanga.

Funzo kwa Mbulu na Hanang

Wakati matrekta ya Strachey yakikwama Kongwa, Wairaqw wa Kainam, Mbulu, walikuwa wakilima miteremko yao kwa samadi na matuta ya kuzuia mmomonyoko, kama walivyofanya baba zao. Hawakuwa na hata trekta moja, lakini kila familia ilijua udongo wake unataka nini.

Hanang yenyewe ilikuja kupata mtihani unaofanana na ule. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Tanzania kwa msaada wa Canada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano, na hatimaye Shirika la NAFCO likawa na mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Hapa udongo ulikubali. Aina za mbegu zilifanyiwa majaribio kwanza, na ngano ilivunwa kwa wingi, tofauti na karanga za Kongwa.

Lakini mashamba hayo, ya karibu ekari 100,000, yalichukua malisho bora ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa NAFCO. Wataalamu na fedha za Canada zilipoondoka katika miaka ya 1990, mashine zilianza kukosa vipuri na shirika likadhoofika. Baadaye baadhi ya mashamba yalirudishwa kwa wananchi na mengine yakapewa wawekezaji.

Strachey hakuwa mwizi wala mzembe, na nia yake ilikuwa kulisha watu. Kosa lake ni kuagiza mashine kabla ya kupima udongo, kuhesabu mavuno kabla ya kuhesabu mvua, na kutowauliza waliokuwa wakiishi pale. Mkulima anayetaka kukopa benki ili anunue trekta anaweza kuanza na yale ambayo Kongwa ilikosa: kupima udongo, kulima eneo dogo la majaribio kwa msimu mmoja, na kujua vipuri vinapatikana mji gani na kwa bei gani. Na anayeuziwa trekta lililokwisha kutumika aulize lilifanya kazi gani kabla ya kuletwa kwake.