Maria wa Sekondari

Marie Curie tuliyemkuta vitabuni ni mama mwenye Nobeli mbili, ya fizikia 1903 na ya kemia 1911, basi. Mimi navutiwa zaidi na Maria Skłodowska wa sekondari, kule Warsaw, maana shida yake sisi tuliotoka shule zisizo na maabara tunaijua.

Poland ilikuwa chini ya Urusi. Watawala walifuta mazoezi ya maabara mashuleni, wanafunzi wakabaki na nadharia tupu. Baba yake, mwalimu wa hisabati na fizikia, akavibeba vifaa akavileta nyumbani. Hapo namwonea wivu kweli: sisi mizani tuliiona ikichorwa ubaoni.

Mwaka 1883, akiwa na miaka 15, alimaliza kwa medali ya dhahabu. Halafu? Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Akapatana na dada yake Bronya: Bronya atangulie Paris kusomea udaktari, yeye abaki akifanya kazi na kumtumia hela, kisha zamu igeuke. Miaka ikapita akifundisha watoto wa matajiri majumbani, usiku anajisomea fizikia. Hakuna cha boom, jamani!

Majaribio yenyewe aliyashika baadaye, kwenye maabara ndogo ya makumbusho ya viwanda na kilimo, iliyosimamiwa na binamu yake. Mwaka 1891 akafika Sorbonne. Mwaka 1893 akaongoza kwenye shahada ya fizikia. Ya hisabati, 1894, alikuwa wa pili.