Alexander Cunningham: Askari Aliyeokoa Mawe ya Bara Hindi

Atajwapo mhandisi wa jeshi, akilini huja madaraja na mahandaki. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu askari habari za mhandisi aliyeacha jina kwa kuhifadhi majengo ya watu wa kale.

Alexander Cunningham alizaliwa London tarehe 23 Januari 1814. Mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 19, alifika Bara Hindi kutumika katika kikosi cha wahandisi cha Bengal. Hatusahau kwamba jeshi hilo lilikuwa chombo cha utawala wa kigeni. Hata hivyo, kijana huyo aliona uzuri mahali ambapo wenzake waliona kifusi.

Huko Sarnath, ambako Budha alitoa mahubiri yake ya kwanza, alichimba katika miaka ya 1835 na 1836, akafukua sanamu nyingi. Alipokwisha kuondoka, sanamu na mawe ya nakshi zaidi ya 40 yalitupwa mtoni yalikinge daraja lisibomolewe na maji! Huko Harappa mambo yalizidi: wajenzi wa reli ya Lahore na Multan walichukua matofali ya mji wa kale, wakayatandaza chini ya reli kwa mwendo wa maili 100 hivi.

Mwaka 1861 alistaafu jeshini akiwa Meja Jenerali, na mwaka huohuo akakabidhiwa kazi ya kuchunguza mambo ya kale. Kazi hiyo ilisimamishwa mwaka 1866, ikafufuliwa mwaka 1871 chini yake. Njia yake ilikuwa ya kiaskari hasa. Alisoma habari za Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyezuru Bara Hindi katika karne ya 7, akapima masafa na pande alizozitaja, kisha akaenda mwenyewe kutazama. Hivyo ndivyo alivyoitambua miji iliyosahauliwa, kama Taxila na Sravasti.

Hakukosa kukosea. Muhuri wa Harappa aliouchapisha mwaka 1875 aliudhani kuwa wa kigeni. Ni mwaka 1924 ndipo ulimwengu ulipotangaziwa kwamba hapo palikuwa na ustaarabu wa wenyeji, wenye umri wa zaidi ya miaka 4,000.

Mwaka 1873 alifika Bharhut, akakuta wanakijiji wamekwisha kujengea nyumba mawe ya hekalu la Kibudha. Ua wa mawe uliosalia ulichongwa tembo, miti na hadithi za maisha ya awali ya Budha, pamoja na majina ya watu waliotoa sadaka. Cunningham aliagiza uhamishwe Calcutta. Wapo waliomlaumu kwa kuuondoa mahali pake, nasi twaelewa uchungu wao; lakini mawe yaliyoachwa nyuma yalichukuliwa karibu yote.

Aliacha kazi mwaka 1885, akafariki tarehe 28 Novemba 1893. Ua wa Bharhut ungali katika jumba la makumbusho la mji huo, ambao sasa waitwa Kolkata.