Ibn al-Nafis, tabibu aliyeijua njia ya damu mapafuni

Wiki jana barazani kwetu, baada ya sala ya isha, kijana mmoja alikuwa akivuta hii sigara ya umeme huku sisi tukinywa kahawa. Mzee mmoja akamkanya. Kijana akacheka, akasema kwamba moshi huingia mapafuni ukatoka papo hapo puani, kwa hivyo hauna pahali pa kukaa mwilini. Wengine wakamuunga mkono. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na la kumjibu kwa haraka. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa jawabu lake lilikwisha andikwa karibu miaka 800 iliyopita, na aliyeliandika ni Mwislamu, tena wa madhehebu haya haya ya Shafii tunayoyafuata hapa pwani.

Jina lake ni Ala al-Din Ali ibn Abi al-Hazm al-Qarshi, maarufu kwa jina la Ibn al-Nafis. Ni jina tusilolisikia sana. Ibn Sina kila mtu humtaja, hata asiyejua aliandika nini. Huyu tumemsahau, na kisa cha kusahauliwa kwake nitakifikia.

Alizaliwa Sham, upande wa Damascus, mwanzoni mwa karne ya 13. Utabibu aliusomea mjini Damascus katika hospitali ya Nuri, iliyojengwa na Nur al-Din Zangi, chini ya mwalimu mkubwa wa zama hizo aliyeitwa al-Dakhwar. Hospitali za wakati ule zilikuwa ndizo vyuo. Mwanafunzi alimfuata mwalimu kitandani kwa mgonjwa, kisha wakarudi vitabuni. Baadaye akahamia Misri, na huko Cairo ndiko alikoishi maisha yake yote yaliyobaki, akipanda daraja mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Asubuhi yuko na wagonjwa, wakati mwingine yuko madrasa ya Masruriyya akisomesha fiqhi. Wanahistoria wa madhehebu ya Shafii walimhesabu miongoni mwa mafakihi wao. Hakuona kwamba elimu moja inaizuia nyingine.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu wote waliamini alivyofundisha Galen, yule Mgiriki ambaye Waarabu wakimwita Jalinus. Moyo una upande wa kulia na upande wa kushoto, na katikati pana ukuta wa nyama. Galen alisema damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kupitia vitundu vidogo visivyoonekana katika ukuta huo. Ibn Sina naye aliufuata mkondo huo katika Qanun, kitabu ambacho kila tabibu alikitegemea.

Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, aliandika sherehe ya sehemu ya Qanun inayohusu maungo ya mwili. Humo akasema wazi kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu, la kuonekana wala la kutoonekana. Damu, akaeleza, hutoka upande wa kulia wa moyo, ikaenda mapafuni kwa mshipa wake, huko ikatawanyika na kuchanganyika na hewa, kisha ikarudi upande wa kushoto wa moyo. Akaongeza kwamba ni lazima pawe na vipenyo vidogo mapafuni vinavyounganisha mshipa unaopeleka na mshipa unaorudisha. Hakuwa na chombo cha kuvionea. Vishipa hivyo vilionekana kwa hadubini mwaka 1661, na aliyeviona ni Malpighi wa Italia.

Hebu fikiri uzito wake. Kijana anamkosoa Jalinus na Ibn Sina kwa pamoja, ndani ya kitabu anachokisherehesha kwa heshima. Hakutukana mtu wala hakuanzisha kundi. Alitaja kosa, akatoa hoja, akaendelea na ukurasa unaofuata.

Tusimpe kisichokuwa chake, maana sisi tukishika kitu cha kujisifia huwa hatuna breki. Mzunguko wa damu katika mwili mzima hakuueleza yeye, ulielezwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Pia aliamini, kama wenzake wa zama zile, kwamba damu ikikutana na hewa huzaliwa roho ya uhai inayotawanywa mwilini. Leo tunajua kwamba damu huchukua oksijeni na kuacha kaboni dayoksaidi. Lakini njia yenyewe aliipata sawasawa.

Na njia hiyo ndiyo jawabu la kijana wetu. Mtu akiwa ametulia, moyo husukuma damu kiasi cha lita 5 kwa dakika, na yote hupitia mapafuni. Yaani takriban kila dakika moja damu yako yote imepita pale kwenye vifuko vidogo vya hewa, vilivyo mamia ya mamilioni, vyenye kuta nyembamba kuliko karatasi. Kilichomo hewani hukutana na damu hapo. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Ile gesi ya kaboni monoksaidi itokayo kwenye makaa ya shisha hushikamana na chembe nyekundu za damu kuliko oksijeni kwa mara 200 na zaidi, ikachukua nafasi yake. Na si wavutaji peke yao. Kina mama wanaokaanga mahamri alfajiri kwa jiko la makaa, katika chumba ambacho dirisha limezibwa, wanavuta gesi hiyo hiyo bila ya kuitaka. Moshi utokao puani ni ule uliobaki tu.

Kuhusu mtu mwenyewe, wametuachia habari chache nzuri. Hakuoa. Alipokuwa akiandika, kalamu zilichongwa mapema akawekewa, kisha akageukia ukutani na kuandika kwa yaliyomo kichwani bila ya kufungua kitabu. Kalamu ikiisha makali huitupa akachukua nyingine. Siku moja akiwa hamamu, katikati ya kuoga, alitoka akaagiza wino na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi kumaliza kuoga. Alianza kitabu kikubwa cha utabibu, al-Shamil, alichokikusudia kiwe juzuu 300. Zilizokamilika zilikuwa 80.

Alifariki Cairo mwezi wa Disemba 1288, Dhulqaada 687, baada ya kuugua siku sita. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Mola wake akiwa na mvinyo tumboni. Nyumba yake na maktaba yake aliziacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri.

Kisha kimya. Maelezo yake ya mapafu yalilala. Ulaya wakahesabu kuwa wa mwanzo ni Servetus, aliyeandika mwaka 1553, na hata sisi wenyewe tukawasadiki. Mwaka 1924 ndipo tabibu wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, aliposoma nakala ya sherehe ile katika maktaba ya Berlin na kuifanyia utafiti wake wa shahada. Kitabu kilichoandikwa Kiarabu kilisubiri zaidi ya miaka 600 kupata msomaji wa Kiarabu aliyekielewa thamani yake, na akakikuta Berlin. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Kijana wetu huja barazani kila usiku. Leo inshallah nitakwenda na kalamu na karatasi nimchoree ule moyo, ukuta wake wa katikati, na njia inayozunguka mapafuni.