Speke na Saa Zilizosimama

Kaskazini-mashariki ya mji wa Mwanza ziwa limeingia ndani ya nchi, likafanya ghuba kubwa iitwayo Ghuba ya Speke. Jina hilo ni la Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, aliyefika Mwanza mwezi wa Agosti mwaka wa 1858. Speke alisema neno la kweli, lakini hakupata kulithibitisha maisha yake yote. Na sababu moja ni kwamba saa zake zilisimama njiani.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei mwaka wa 1827 katika nchi ya Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Mwaka wa 1844, alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, aliingia katika jeshi la Bara Hindi, na huko alizoea kuwinda na kupanda milima. Mwaka wa 1855 alikuwa Berbera, katika nchi ya Wasomali, pamoja na Richard Burton. Kambi yao ikashambuliwa usiku. Speke alikamatwa, akafungwa, akachomwa mkuki mara nyingi. Lakini alikata shauri kukimbia, akaponyoka, akapona.

Katika mwezi wa Juni mwaka wa 1857 watu hao wawili waliondoka pwani kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Kiongozi wao mmoja alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Yeye na Speke walisemezana kwa Kihindi.

Msafara wao ulichukua nguo, shanga na waya za biashara, na tena saa za kupimia safari. Katika zama zile msafiri hakuchukua saa ili ajue wakati wa kula tu. Dunia huzunguka mara moja kwa muda wa saa 24. Kwa hiyo jua huonekana kupita digrii 15 kila saa. Adhuhuri hufika Mwanza kabla ya kufika London, nayo hutangulia kwa muda wa saa 2 na dakika 11 hivi. Msafiri mwenye saa inayoshika majira ya London akilitazama jua la Mwanza, tofauti ya saa hizo mbili humwonyesha yuko umbali gani upande wa mashariki. Lakini saa ikikosa dakika moja tu, ramani nayo hukosa maili 17 karibu na mstari wa ikweta.

Kwa sababu hiyo mafundi walizitengeneza nyuso za saa kwa uangalifu mwingi, ili mishale isomeke hata kwa mwanga wa taa hafifu. Saa kubwa za merikebu ziliwekwa ndani ya masanduku, na nyuso zake zilikuwa za shaba ya manjano iliyopakwa fedha. Tarakimu zilichongwa, na michongo ikajazwa nta nyeusi. Saa nyingi za mfukoni zilikuwa na uso mweupe wa enameli, kitu kile kile kinachong'aa juu ya mabakuli meupe yenye ukingo wa buluu. Fundi alitwaa kibati chembamba cha shaba nyekundu, akakipaka unga wa kioo uliotiwa dawa ya kuufanya mweupe, akakitia katika tanuru kali hata unga ukayeyuka na kushikamana na shaba. Upande wa nyuma nao aliupaka, kwa maana asipofanya hivyo uso ungepinda au kupasuka. Kisha aliandika tarakimu nyeusi kwa enameli, akauchoma tena. Uso wa namna hiyo haupaukii jua, hata baada ya miaka mia. Lakini ni kioo: ukianguka, hupata nyufa nyembamba kama unywele.

Tena, uzuri wa uso hauwezi kuiponya mashine iliyo nyuma yake. Katika safari ya Burton na Speke saa ziligongwa-gongwa katika mizigo, zikapata joto na unyevu, na moja baada ya nyingine zikaharibika. Ikawalazimu kufunga risasi ya bunduki kwenye uzi na kuibembeza, ili mabembeo yake yahesabiwe badala ya sekunde. Wenyewe nao walikuwa wagonjwa. Walipofika Ujiji katika mwezi wa Februari mwaka wa 1858, Burton hakuweza kutembea, na Speke alikuwa karibu kupofuka.

Waliporudi Kaze, karibu na Tabora, Burton alibaki kupumzika. Speke akashika njia ya kaskazini pamoja na Bombay katika mwezi wa Julai. Tarehe 30 Julai aliona mkono mwembamba wa maji, na tarehe 3 Agosti alipanda kilima karibu na Mwanza, akaona maji yasiyo na mwisho upande wa kaskazini. Wenyeji waliyajua maji hayo tangu kale. Walivua humo na kusafiri kwa mitumbwi kwenda Ukerewe. Kwao halikuwa jambo jipya. Lakini Speke alifikiri moyoni kwamba hapo ndipo mto Nile unapotoka, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake, Victoria.

Alipima kwa vyombo alivyokuwa navyo. Alichemsha maji na kusoma kipimajoto, maana maji huchemka upesi zaidi mahali palipoinuka. Akapata kwamba ziwa liko juu ya bahari kwa zaidi ya futi 3,700. Kipimo hicho kilikuwa karibu sana na kweli. Lakini saa ya kuaminika hakuwa nayo, mtumbwi wa kulizunguka ziwa hakuupata, na muda ulikuwa mfupi. Baada ya siku chache akarudi Kaze.

Burton hakukubali. Alimwuliza ana ushahidi gani, naye Speke alikuwa na tumaini kubwa na vipimo vichache. Toka siku hiyo urafiki wao ukapoa, ukageuka uadui.

Mwaka wa 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant, na Bombay akaandamana nao tena. Walipita Karagwe kwa mfalme Rumanika, na katika mwezi wa Februari mwaka wa 1862 Speke alifika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda. Katika zawadi alizompa mlikuwa na bunduki, nguo za hariri, na saa moja ya dhahabu. Hivyo chombo kile cha kupimia safari kikawa pambo la mfalme. Tarehe 28 Julai mwaka wa 1862 Speke aliona mto ukitoka ziwani kwa kishindo, akayaita maporomoko hayo Ripon. Lakini hakuufuata mto hatua kwa hatua, wala hakulizunguka ziwa. Basi waliomshuku wakapata nafasi ya kusema.

Huko Uingereza iliamriwa kwamba Speke na Burton wajadiliane mbele ya wataalamu katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba mwaka wa 1864. Siku moja kabla ya mjadala Speke alikwenda kuwinda ndege. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ililia, ikampiga, akafa. Waliochunguza habari hiyo walisema ilikuwa ajali. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Baada ya miaka kumi na mmoja, mwaka wa 1875, Henry Stanley aliondoka Kageyi, karibu na Mwanza, akalizunguka ziwa kwa mashua kwa muda wa miezi miwili hivi. Akaona kwamba ni ziwa moja, na kwamba mto mkubwa hutoka pale pale alipopaona Speke. Neno la Speke lilikuwa kweli. Lakini neno la kweli lisilo na kipimo huwaacha watu katika mashaka, na mwenye kulisema aweza kufa kabla halijaaminiwa.