Francis Xavier, Mwanachuo Aliyepita Malindi

Mwezi huu twawasimulia habari za mtu asiyekuwa wa kanisa letu, wala hatukubaliani naye katika mambo yote. Lakini maisha yake yawafaa hasa walimu na wainjilisti wetu wa Iramba na Unyaturu, tena pwani yetu hii ya Afrika aliifikia.

Francis Xavier alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya wazazi wake huko Navarra, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Hispania. Mwaka 1525 alikwenda Paris kusoma katika chuo kikuu. Alikuwa hodari; mwaka 1530 akapata shahada, akaanza kufundisha falsafa. Moyo wake ulitamani cheo na heshima.

Chumbani alikaa na Pierre Favre, mwana wa wachungaji wa kondoo, na tangu 1529 pamoja na Ignatius wa Loyola, aliyekuwa askari hapo kwanza, akavunjwa mguu vitani. Ignatius hakumkataza elimu. Husimuliwa kwamba alimwuliza mara kwa mara imfaidie nini kuupata ulimwengu wote na kuipoteza nafsi yake. Francis alikuwa mgumu, lakini mwisho neno hilo lilimshinda. Tarehe 15 Agosti 1534 watu saba, naye mmojawapo, wakaweka nadhiri juu ya kilima cha Montmartre. Kisha akaingia katika mafungo kwa muda wa siku thelathini hivi: akajitenga, akanyamaza, akaomba, akayatafakari maisha ya Bwana Yesu na kuzipima nia za moyo wake. Mafungo hayo aliyapanga Ignatius, na Wajesuiti huyafanya hata leo. Shirika lao lilikubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1540, na baadaye likajulikana sana kwa vyuo vyake.

Mwaka 1541 Francis alipanda merikebu huko Lisbon. Wakakaa miezi mingi katika kisiwa cha Msumbiji, naye akawauguza wagonjwa. Mwaka 1542 wakatia nanga Malindi. Hapo akazungumza na Mwislamu mmoja mwenye cheo, aliyesikitika kuona watu wake wamepoa katika sala. Hawakuafikiana, na merikebu ikaendelea na safari.

Mwezi wa Mei akafika Goa, katika Bara Hindi. Huyo aliyekuwa mwalimu wa Paris akapita njiani akipiga kengele, akiwaita watoto wafundishwe. Kwa wavuvi wa kusini hakuijua lugha. Basi akatafuta wasaidizi, wakazitafsiri Imani, Amri Kumi na Sala ya Bwana kwa Kitamil, naye akazikariri. Katika vijiji akaacha nakala, na mwalimu wa kuwakusanya watu. Padre alipita, mwalimu akabaki. Mwaka 1544 aliandika barua Ulaya, akitamani kuviingia vyuo vikuu na kuwalilia wale wenye elimu nyingi na upendo haba.

Kosa lake hatulifichi. Mwaka 1546 alimwomba mfalme wa Ureno aweke Goa baraza la kuwahukumu watu kwa ajili ya imani. Liliwekwa mwaka 1560, yeye akiwa amekwisha kufa, likawatesa wengi. Sisi tunaofundishwa kwamba imani huja kwa kulisikia Neno twalihuzunikia jambo hilo.

Mwaka 1549 akafika Japani. Tarehe 3 Desemba 1552 akafariki katika kisiwa cha Shangchuan, mbele ya nchi ya Uchina aliyoitamani asiingie.

Basi, ndugu walimu, kutamani elimu ni vema, nasi twawaombea wanafunzi wetu wafike mbali. Lakini elimu isiyowekwa mbele ya Mungu huzaa kiburi. Tusingoje nyumba kubwa ya mafungo. Saa moja ya kimya kabla ya mapambazuko, Biblia ikiwa mkononi, yatosha kuanza kujiuliza: yote tuliyojifunza, twayatumia kwa ajili ya nani?