Samuel Colt: Aliyekigawia kila kidole kazi yake

Jina la Samuel Colt limeambatana na bastola yenye silinda inayozunguka kwa zaidi ya karne moja na nusu. Wengi humkumbuka kama mfanyabiashara aliyetajirika kwa silaha. Lakini mafanikio yake, pamoja na kushindwa kwake, yalitegemea pia suala dogo la kiufundi ambalo vitani lilikuwa suala la kufa na kupona: mkono ulioshika mpini utawezaje kuvuta kifyatulio bila kuutikisa mtutu?

Colt alizaliwa tarehe 19 Julai 1814 mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani. Mama yake alifariki dunia Samuel akiwa bado mtoto. Mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 16, alisafiri kwa merikebu ya Corvo hadi Calcutta, India. Inasimuliwa kuwa katika safari hiyo alichonga kwa mti mfano wa bastola aliyoiwazia. Aliporejea alizunguka mijini akijiita daktari na kuwaonyesha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio. Fedha hizo aliwalipa mafundi waliomtengenezea bastola za majaribio.

Alipata hataza ya uvumbuzi wake Uingereza mwaka 1835, na Marekani tarehe 25 Februari 1836.

Kufilisika na kuinuka

Kiwanda chake cha kwanza kilikuwa Paterson, New Jersey. Bastola ya huko ilibeba risasi tano, na kifyatulio chake kilijificha ndani, kikachomoza pale tu nyundo ilipovutwa nyuma. Ilikuwa silaha ya kuvutia, lakini sehemu zake zilikuwa dhaifu na jeshi halikuinunua kwa wingi. Mwaka 1842 kiwanda kilifungwa.

Aliyemwinua tena alikuwa Kapteni Samuel Walker, ambaye aliwahi kuzitumia bastola hizo huko Texas katika mapigano na Wakomanche, wenyeji waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao. Mwaka 1847, wakati wa vita na Mexico, serikali ya Marekani iliagiza bastola 1,000. Safari hii zilibeba risasi sita, na kifyatulio kilikuwa wazi chini ya kikingio cha chuma. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban kilo 2. Colt hakuwa tena na kiwanda, hivyo zilitengenezwa katika karakana ya Eli Whitney mdogo. Walker mwenyewe aliuawa nchini Mexico mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Ushindani wa London

Mwaka 1851 Colt alipeleka bidhaa zake katika Maonyesho Makuu ya London. Huko alikabiliana na fundi Mwingereza, Robert Adams.

Katika bastola ya Colt, kazi iligawanywa. Kidole gumba kilivuta nyundo nyuma na kuikaza springi ngumu iliyofichwa ndani ya mpini. Kidole cha shahada kilibakiwa na kazi ndogo ya kuiachia nyundo kutoka katika pengo lililoishikilia. Hivyo kifyatulio kilikuwa chepesi na shabaha ikatulia. Mpini uliopinda nao ulijizungusha kidogo kiganjani kila risasi ilipotoka, ukaisogeza nyundo karibu na kidole gumba.

Katika bastola ya Adams, kidole cha shahada pekee kilizungusha silinda, kikainua nyundo na kuiachia. Ilifyatua haraka, lakini kifyatulio kilikuwa kizito. Kidole hicho kikikaza, vingine navyo huubana mpini, na mtutu ukaenda upande. Mpini usiolingana na mkono huzidisha tatizo hilo: ukiwa mnene, kidole hakikifikii kifyatulio sawasawa, ukiwa mwembamba, bastola hucheza kiganjani.

Hata hivyo, katika Vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856, maafisa wengi wa Uingereza walipendelea bastola ya Adams, kwani adui aliyekuwa hatua chache tu hakutoa nafasi ya kuvuta nyundo. Mwaka 1856 jeshi la Uingereza lilikubali bastola iliyoboreshwa na Luteni Frederick Beaumont, iliyounganisha njia zote mbili. Kiwanda ambacho Colt alikifungua London mwaka 1853 hakikudumu.

Urithi wake

Nyumbani Hartford, alifungua kiwanda kikubwa mwaka 1855. Msimamizi wake, Elisha Root, alitumia mashine kutengeneza sehemu zilizofanana kiasi cha kurahisisha matengenezo. Mpini, hata hivyo, uliendelea kuhitaji uangalifu. Mti uliochongwa vibaya huweza kuigusa springi iliyo ndani na kuizuia nyundo, na lawama ikaangukia kifyatulio bure. Fundi mwenye busara hufungua mpini kwanza. Anayekimbilia kulisugua pengo la nyundo huweza kuacha silaha inayofyatuka yenyewe.

Colt alifariki dunia Hartford tarehe 10 Januari 1862, akiwa na umri wa miaka 47. Alikuwa ameliuzia silaha jeshi la Marekani, na pia majimbo ya Kusini hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Aprili 1861, jambo lililomletea shutuma nyingi. Mjane wake, Elizabeth, alibaki mmiliki wa kampuni hadi mwaka 1901.

Maisha yake yote Colt hakuuza bastola ambayo kifyatulio chake kilifanya kazi yote. Kampuni yake ilitoa ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1877, miaka 15 baada ya yeye kuzikwa.