C. S. Lewis na Ombi la Mtoto

Wengi wetu twamfahamu C. S. Lewis, mlei wa Kanisa la Anglikana, kwa vitabu vyake vya kuitetea imani. Lakini watoto wa nchi nyingi wamjua kwa Simba aitwaye Aslan, katika vitabu saba vya nchi ya Narnia vilivyotolewa kati ya mwaka 1950 na 1956.

Alizaliwa Belfast mwaka 1898. Mwaka 1908 mama yake aliugua saratani. Mtoto huyo wa miaka tisa aliomba kwa bidii mama apone. Mama akafa mwezi wa Agosti. Baadaye, akiwa shuleni, aliiacha imani. Akaenda vitani Ufaransa, akajeruhiwa mwaka 1918, akarudi bila Mungu. Tangu mwaka 1925 alifundisha Oxford, na huko rafiki zake, hasa Tolkien aliyekuwa Mkatoliki, walizungumza naye hata usiku wa manane. Mwezi wa Septemba 1931 alimwamini Kristo, akiwa njiani kwenda kutazama wanyama Whipsnade, amepakiwa katika kigari cha pikipiki ya ndugu yake. Mahali pa ajabu pa kuongokea!

Watu hudhani kwamba alipanga mafundisho kwanza, kisha akayavika hadithi. Sivyo. Mwenyewe alieleza kuwa alianza na picha tu kichwani, na Simba akaja baadaye. Alipokuja, alikuja na Msalaba: Edmund awasaliti ndugu zake kwa ajili ya peremende, na Simba auawa badala yake, kisha afufuka.

Lakini sisi twakipenda zaidi kile kitabu cha mwaka 1955. Humo kijana Digory ana mama aliye mahututi. Amwomba Simba amponye, na ainuapo macho aona kwamba Simba mwenyewe analia. Kisha atumwa kuleta tufaha kutoka bustani ya mbali. Mchawi amshawishi aibe moja ampelekee mama yake, naye akataa, ijapokuwa moyo wamwuma. Mwishoni Simba mwenyewe ampa tufaha, na mama apona. Twaona kwamba hapo mtu wa makamo alilirudia lile ombi la mwaka 1908.

Mwaka 1956 Lewis alimwoa Joy Davidman, Mmarekani, mama wa wavulana wawili. Naye pia akapatwa na saratani. Machi 1957 kasisi alimwekea mikono kitandani hospitalini na kuwafungisha ndoa ya kikanisa. Joy akapata nafuu, hata wakasafiri pamoja. Ugonjwa ukarudi, akafa Julai 1960. Lewis akaandika kitabu kidogo cha majonzi, kikatolewa mwaka 1961 kwa jina la bandia. Humo amlalamikia Mungu waziwazi, wala hamwachi.

Alifariki tarehe 22 Novemba 1963, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Holy Trinity, Headington Quarry, alikokuwa akisali miaka mingi, akiketi kando ya nguzo. Ndugu yake, yule mwenye pikipiki, alizikwa pamoja naye mwaka 1973.